Seli ya kinga ikitobolewa na bakteria, mbona nyingine hazifi? (Uzi mrefu)

Fundi Maabara | #1

Wakuu, salaam.

Nipo maabara ya hospitali ya wilaya, huu ni mwaka wa 14. Wiki iliyopita mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo alikuwa kwenye darubini, anaangalia slaidi ya usaha uliotolewa kwenye jipu la paja. Tulishaipaka rangi ya Gram, ile inayotenganisha bakteria makundi mawili. Akatazama weee, kisha akainua kichwa akaniuliza: "Hizi zote ni seli nyeupe zilizokufa? Kama askari wenyewe wamelala hivi, nani alishinda?"

Nikamjibu harakaharaka kwamba ndiyo kazi yao, huja kufa. Usiku jibu lile likaninyima usingizi kwa sababu lilikuwa nusu jibu. Kwenye slaidi ileile, katikati ya zilizosambaratika, palikuwa na seli ambazo kiini chake bado kimekaa sawasawa, ngozi yake nzima, na ndani yake unaona vitone vya zambarau vya stafilokokasi, bakteria wa majipu, vilivyomezwa. Seli moja imepasuka, jirani yake aliyekula sumu ileile amesimama. Kwa nini?

Naanzisha uzi huu kumjibu yule kijana vizuri, na kwa faida ya yeyote anayependa kujua mwili wake. Nitakwenda taratibu, nina zamu, kwa hiyo nitaandika kwa vipande. Wenye kujua zaidi mnirekebishe.

Kwanza tuelewane majina mawili. Nyutrofili ndizo nyingi zaidi kati ya seli nyeupe za damu na ndizo zinazojaza usaha. Uboho wa mifupa hutengeneza takriban bilioni 100 kila siku, na maisha yake ni mafupi sana. Makrofaji ni seli kubwa mlafi, inakaa kwenye mapafu, ini, utumbo, chini ya ngozi, inameza kila kigeni. Mrusi Metchnikoff ndiye aliyeonyesha kwamba seli humeza adui: mwaka 1882 akiwa Messina, Italia, alichoma miiba ya waridi kwenye viluwiluwi vya kiti cha pweza, kesho yake akakuta seli zimeuzunguka mwiba. Mwaka 1908 akapewa Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Narudi jioni.

---

Bi Mkubwa Tanga | #2

Nimekaa mkao wa kusoma. Endelea mwanangu. Mimi nilijua usaha ni uchafu tu, kumbe ni miili ya watu!

---

Nahodha wa Tumbatu | #3

Tupo shekhe. Andika kwa Kiswahili tuelewe sote, si wa darasani peke yao.

---

Fundi Maabara | #4

Shukrani. Tuanze na kifo chenyewe, maana huwezi kueleza mtu alivyokwepa kama hujaeleza alichokwepa.

Seli ina vifo vya namna nyingi, ila viwili vinatosha kwa leo. Kuna kifo cha kimya. Seli inasinyaa, inajikatakata kuwa vifurushi vidogo vilivyofungwa, majirani wanavila, basi. Hakuna homa, hakuna uvimbe. Kerr, Wyllie na Currie walikipa jina mwaka 1972: apoptosisi, neno la Kigiriki la majani yanayopukutika mtini. Kuna na kifo cha kelele. Seli inavimba, inapasuka, inamwaga kila kilichomo, na kinachomwagika kinaita seli nyingine kutoka kila upande. Hiki kinaitwa piroptosisi, na hiyo "piro" ni moto. Jina lilitolewa na Brad Cookson na Molly Brennan mwaka 2001.

Kabla ya jina, watu walishaona jambo lenyewe. Mwaka 1992 Arturo Zychlinsky, Philippe Sansonetti na wenzao wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walionyesha kwamba Shigella, yule bakteria wa kuhara damu, akimezwa na makrofaji anaigeuzia kibao na kuiua. Wao waliita apoptosisi kwa kuwa neno la pili lilikuwa bado halijazaliwa.

Sasa jambo ambalo nataka mlishike: kifo cha kelele mara nyingi hakiletwi na mkono wa bakteria. Seli yenyewe inaamua. Ndani ya makrofaji kuna walinzi wa protini. Wengine wanatambua protini ya mkia ambao bakteria anaogelea nao. Wengine wanatambua mafuta ya ganda la nje la bakteria wa Gram hasi (wasioshika ile rangi ya zambarau), akina Salmonela na E. koli. Mlinzi akishagusa, protini zinakusanyika kuwa kengele moja kubwa, inflamasomu, na kengele inaamsha mkasi uitwao kaspasi. Kuanzia hapo seli imo kwenye safari ya kufa. Swali letu ndilo hilo: inarudije?

---

Mwalimu Biolojia | #5

Mkuu hapo kwenye mkasi fafanua, kwa sababu wanafunzi wangu wa kidato cha sita wakisikia kaspasi wanajua ni apoptosisi tu. Huo mkasi unakata nini?

---

Fundi Maabara | #6

Swali zuri mwalimu. Kaspasi ni ukoo. Wapo wa kifo cha kimya (namba 3 na 7) na wapo wa kifo cha kelele (namba 1, na kwa binadamu 4 na 5). Kwa zaidi ya miaka 20 hakuna aliyejua mkasi namba 1 unakata nini hadi seli ipasuke.

Jibu lilikuja 2015 kutoka maabara mbili kwa wakati mmoja, ya Feng Shao kule Beijing na ya Vishva Dixit kwenye kampuni ya Genentech, Marekani. Kinachokatwa ni protini iitwayo gasidemini D. Ikiwa nzima haina madhara, kwa sababu nusu yake ya nyuma imeikalia nusu ya mbele kama kufuli. Mkasi ukipita katikati, nusu ya mbele inakwenda kwenye utando wa seli (ngozi yake), inajipanga na wenzake kwa duara, karibu vipande 33, na duara hilo ni tundu. Upana wake wa ndani ni kama nanomita 20. Makrofaji yenyewe ina kama maikromita 20, yaani tundu ni sehemu moja ya elfu ya upana wa seli. Ukiangalia hivyo ni kitundu kidogo. Lakini yanatobolewa mengi, na maji na chumvi vinaingia ovyo.

Nimemtaja Dixit kwa makusudi. Alizaliwa Kenya na shahada yake ya udaktari aliipata Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kwenda Marekani. Mwaka 2011 maabara yake ilionyesha njia ya pili ya kengele, ile inayopitia kaspasi-11 ya panya (sisi tuna 4 na 5 badala yake). 2015 ikawa gasidemini. 2021 wakatoa kubwa nyingine, nitaifikia.

---

Wanjala_254 | #7

Heko sana mtaalam. Nimesoma Nairobi, kampasi ya Chiromo, miaka minne, na hakuna siku niliambiwa hivyo. Hili linafaa kubandikwa ukutani pale.

---

Nahodha wa Tumbatu | #8

Ndugu yangu hapa umenigusa, maana mimi ni mtu wa vyombo. Chombo kikitoboka hakizami papo hapo. Kuna kufua maji, kuna kutia kalafati. Jahazi laweza kuvuja safari nzima na likafika Mombasa, ikiwa wanaofua maji kwenye ngama hawajachoka. Je hiyo seli haina watu wa kufua?

---

Fundi Maabara | #9

Nahodha, umeingia hasa mlemle nilimokuwa nakwenda. Ina fundi.

Mwaka 2018 kundi la Petr Broz, Lausanne, Uswisi, lilifuatilia seli zilizotobolewa na gasidemini. Wakaona kitu cha ajabu: tundu likishafunguka, kalisiamu inaingia kwa kasi kutoka nje, kwa sababu nje ya seli kalisiamu ni nyingi mno kuliko ndani. Mmiminiko huo ndio unaopiga filimbi. Kundi la protini linaloitwa ESCRT-III linakimbilia pale kalisiamu inapoingia na kuliondoa tundu. Walipolemaza ESCRT-III, seli nyingi zaidi zilikufa. Maana yake ni kwamba hata pale ambapo uamuzi wa kufa umeshapita na mkasi umeshakata, kuna mafundi wanaofanya kazi kuirudisha seli. Kama matundu ni machache au yanatokea polepole, mafundi wanashinda. Yakija kwa mkupuo, wanazidiwa.

Na haya mafundi hayakuumbwa kwa ajili hiyo peke yake. Ndiyo hayohayo yanayokata utando wa mwisho pale seli moja inapogawanyika kuwa mbili. Ndiyo hayohayo VVU anayateka ili achomoke kwenye seli aliyoiambukiza.

---

Nahodha wa Tumbatu | #10

Kwa hiyo ni kalafati? Pamba na mafuta ya papa, unagongomea kwenye mwanya?

---

Fundi Maabara | #11

Nilitaka kusema ndiyo, nikajizuia. Kalafati inajaza mwanya. ESCRT-III haijazi. Inakamata kipande cha utando chenye tundu, inakisukuma kitokeze nje kama kipovu, inakikaba shingoni na kukikata. Kipovu kinadondoka nje na tundu lake, utando uliobaki unaungana. Kwenye darubini za kisasa wanaviona vipovu hivyo vikimwagika kutoka kwenye seli inayopigania uhai.

---

Nahodha wa Tumbatu | #12

Basi hiyo si kalafati, ni kung'oa ubao mbovu. Lakini sisi tunatia ubao mpya. Yeye anatia nini?

---

Fundi Maabara | #13

Hatii kitu, anapungua. Utando ni kama mafuta juu ya mchuzi, ukitoa kipande, kilichobaki kinakutana chenyewe. Seli inalipa kwa ngozi yake. Ndiyo maana haiwezi kufanya hivyo milele.

Asante kwa kunibana, mfano sasa umekaa.

---

Nesi wa Zamu | #14

Kaka, swali la wodini. Wagonjwa wetu wa maambukizi ya damu kinachowaua ni ile homa na presha kushuka. Kama seli inajiziba, je hiyo kemikali ya homa inatoka au haitoki?

---

Fundi Maabara | #15

Dada, inatoka, na hapa ndipo nilipokaa kitini nikasema Mungu fundi.

Kemikali kuu ya homa hapa ni intaleukini-1. Ni ndogo, upana wake ni nanomita nne au tano, inapenya bila shida kwenye tundu la nanomita 20. Kwa hiyo makrofaji inaweza kutoboka, ikapitisha intaleukini-1 nje kuita msaada, halafu ikajiziba na kubaki hai. Mwaka 2018 kundi la Jonathan Kagan, Boston, lilionyesha makrofaji za namna hiyo: zinatoa intaleukini-1 kupitia gasidemini na hazifi. Tundu likageuka kuwa dirisha la kupigia kelele.

Nyutrofili wanazidi. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba panya akiwa na Salmonela, nyutrofili zake zinaamsha kengele na kutoa intaleukini-1 bila kufa kifo cha kelele, wakati makrofaji kwenye hali hiyohiyo zinapasuka. Ukifikiri, ina maana. Makrofaji ikifa, inamwachia bakteria nje. Nyutrofili ndiyo inayokuja kummaliza huko nje. Na hilo nalo limepimwa: kundi la Edward Miao mwaka 2010 lilionyesha kwamba makrofaji inapopasuka inamtema Salmonela nje ya maficho, na nyutrofili zinamuua kwa kemikali za oksijeni. Sasa kama na nyutrofili ingekuwa inapasuka kila ikigusa mkia wa bakteria, nani angebaki wa kumaliza kazi?

Kwa hiyo yule kijana wa slaidi nimempa jibu la kwanza: zile nzima alizoziona zinaweza kuwa zilipigwa vilevile, ila hazina haraka ya kufa kama makrofaji.

Kuhusu presha kushuka: sehemu kubwa ya balaa hilo, angalau kwa panya, inapitia ile njia ya mafuta ya ganda la bakteria. Panya asiye na kaspasi-11 anaweza kupewa dozi ya mafuta hayo inayoua panya wa kawaida, akaishi. Kwa hiyo kifo cha seli moja moja ni ulinzi, cha seli nyingi kwa pamoja ndicho kinacholaza mgonjwa wako.

---

Mwalimu Biolojia | #16

Hujafikia ile ya 2021.

---

Fundi Maabara | #17

Naam. Kwa muda wote huo vitabu vilisema: matundu yanafunguka, maji yanaingia, seli inavimba mpaka inapasuka kama puto. Kupasuka kulichukuliwa kuwa ni matokeo tu, hakuna wa kulaumiwa.

Nobuhiko Kayagaki, Dixit na wenzao wakaonyesha 2021 kwamba sivyo. Kupasuka nako kuna mtendaji, protini ndogo ya utando iitwayo NINJ1. Hizi zinakaa kwenye ngozi ya seli zikiwa zimetawanyika. Wakati wa kufa zinapangana mstari na kuurarua utando. Makrofaji isiyo na NINJ1 inatobolewa, inavimba, inatoa intaleukini-1, lakini haichaniki. Inabaki imevimba kama andazi. Vitu vikubwa vya ndani vinabaki ndani.

Kwa miaka mingi kabla ya hapo watu wa maabara walijua kwamba ukiweka glisini, asidi amino ya kawaida kabisa, seli zinazokufa hazichaniki. Sababu haikujulikana. 2022 ikaonekana kwamba glisini inazuia NINJ1 kukusanyika.

Kwa hiyo hesabu milango: mlinzi, kengele, mkasi, tundu, mrarua ngozi. Kila mlango una mahali safari ya kifo inapoweza kukwama.

---

Mfugaji wa Monduli | #18

Mimi niulize kuhusu kimeta. Mwaka mmoja tulipoteza ng'ombe, wakiwa wameshiba asubuhi, jioni wamelala, damu nyeusi puani. Daktari wa mifugo alisema ni sumu ya bakteria. Hao walinzi wa ng'ombe walikuwa wapi?

---

Fundi Maabara | #19

Pole sana mkuu. Natumaini hamkuchuna wala kula.

Kimeta ni somo lenyewe. Makrofaji ikigundua bakteria, inaamsha kwa wakati mmoja waya (njia ya kupitisha ishara) wa kupigana na waya wa kubaki hai. Waya huu wa pili unawasha jeni zinazotengeneza protini za kuzuia kifo, ili seli iweze kufanya kazi ya hatari bila kujiua. Mmojawapo wa nyaya hizo unapitia protini iitwayo p38. Sumu ya kimeta ni mkasi pia, inaingia ndani ya seli na kukata protini zinazoiwasha p38. Mwaka 2002 kundi la Michael Karin, Marekani, lilionyesha matokeo yake: makrofaji iliyokwisha kuamka kwa vita, ikikatiwa p38, inakufa. Iliyolala haifi hivyo. Yaani bakteria anachagua kuua zile zilizoinuka kupigana.

Ndiyo maana naendelea kusema kubaki hai ni kazi. Seli iliyo vitani inatakiwa iendelee kutengeneza protini za kuizuia isife, saa kwa saa, na nyingi zinaoza upesi. Kata ugavi, inaanguka.

Na seli nayo imejifunza hila hiyo. Ndugu wa bakteria wa tauni anayeshambulia utumbo, Yersinia pseudotuberculosis, anadunga protini ya kuziba waya uleule kwa juu. Makrofaji ikihisi waya umezibwa, inaelewa kwamba imeingiliwa, inajiua yenyewe kwa kusudi. Panya ambao seli zao haziwezi kujiua kwa njia hiyo wanaelemewa na bakteria huyo. Wazee wa Lushoto, ambako tauni yenyewe ilizuka kuanzia 1980, wanajua ukoo huo ni wa kuogopwa.

---

Bi Mkubwa Tanga | #20

Lushoto nakumbuka. Tulikuwa tunazuiwa kwenda msibani. Allah awarehemu.

Mwanangu, na zile sumu zinazotoboa zenyewe? Ulisema seli inajitoboa, lakini jipu si lina sumu zake?

---

Fundi Maabara | #21

Amina, mama. Ndiyo, na hili limenipita juu mwanzoni. Kuna bakteria wanaotoboa matundu yao wenyewe.

Bakteria wa nimonia, numokokasi, anatoa sumu inayotafuta kolesteroli, aina ya mafuta, kwenye utando, inaishika, inajipanga duara na kutoboa. Seli inajiziba kwa njia ileile ya kalisiamu na vipovu. Ila ina kinga ya mapema iliyonifurahisha zaidi: mwaka 2020 ilionyeshwa kwamba makrofaji ikipata intaferoni, kemikali ya tahadhari, kutoka kwa jirani, inapanga upya kolesteroli ya ngozi yake, ile iliyo wazi inapungua. Sumu ikifika haipati pa kushika. Jirani ameshambuliwa, wewe unaficha vishikio kabla hujafikiwa.

Stafilokokasi wa jipu ana sumu zinazolenga seli nyeupe kwa kutumia vipokezi vyake (protini za juu ya seli zinazopokea ishara) kama tundu la ufunguo. Moja inatumia CCR5. Wenye kufuatilia VVU mnalijua jina hilo, ndiyo kipokezi ambacho VVU hutumia kuingilia. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba seli zisizo na CCR5 sumu hiyo haiziui. Hapo hakuna fundi wala kalafati, ni mlango tu haupo.

---

Nesi wa Zamu | #22

Kaka naomba nipingane kidogo. Uzi wote unaonyesha kama kutokufa ndiyo ushindi. Mimi nipo kliniki ya kifua kikuu. Yule bakteria anaishi ndani ya makrofaji miaka na miaka, na seli ipo hai! Kutokufa kwake ndiko kunakompa nyumba. Hapo utasemaje?

---

Fundi Maabara | #23

Dada, hupingani na mimi, umenisogeza mbele, na ni kweli niliandika kama vile kutokufa ni sifa tupu.

Kifua kikuu kinaleta mambo haya kwa undani kuliko ugonjwa wowote ninaoujua. Bakteria yule anazuia kifo cha kimya. Kwa nini? Kwa sababu makrofaji ikifa kwa kimya, inamfungia ndani ya vifurushi, makrofaji jirani inavimeza, na safari hii mara nyingi anauawa humo. Kifo cha kimya ni kaburi lake. Kwa hiyo anaishikilia seli iwe hai, anazaliana, na akishakuwa na jeshi anaipasua kwa kifo cha kelele ili atawanyike. Ana hata protini anayoituma kuzuia gasidemini isitue kwenye utando, iligunduliwa 2022. Yeye ndiye anayetaka kushika saa ya kifo.

Mfano ninaoupenda ni wa samaki wadogo wa maabara, waitwao samaki-pundamilia, ambao wakiwa wachanga unaona ndani yao kwa jinsi walivyo angavu. Wana ugonjwa wao wa jamaa ya kifua kikuu. Mwaka 2013 Francisco Roca na Lalita Ramakrishnan walionyesha kwamba samaki akiwa na TNF, kemikali ya kuamsha seli za kinga, kidogo mno, bakteria wanazaliana ndani ya makrofaji mpaka inapasuka. Akiwa nayo nyingi mno, makrofaji mwanzoni inaua bakteria vizuri, halafu inajiunguza yenyewe na kupasuka, na bakteria waliobaki wanakua nje bila kizuizi. Pande mbili, mwisho mmoja.

Na hata NINJ1 niliyoisifia kuikosa: panya wasiokuwa nayo walielemewa zaidi na maambukizi ya utumbo. Seli yao haikuchanika, lakini mwili haukusikia kilio kwa ukubwa unaotakiwa.

Karibu na kwetu kuna Salmonela wa aina ya ST313, ilielezwa 2009 kutokana na wagonjwa wa Malawi na Kenya. Huyu haishii tumboni, anaingia kwenye damu, na wanaoumia ni watoto wenye malaria na utapiamlo na watu wazima wenye VVU. Akiwa ndani ya makrofaji anaamsha kifo kidogo kuliko Salmonela wa kuhara. Anatembea kimya. Seli inabaki hai na mgonjwa anazidiwa.

Kwa hiyo nikiulizwa tena, nitasema seli inashindana kuhusu *lini* na *vipi*. Kwa Salmonela wa kawaida, makrofaji bora ipasuke mapema. Kwa numokokasi, ijizibe. Kwa kifua kikuu, ife kimya kabla bakteria hajajaa.

---

Nesi wa Zamu | #24

Nimeridhika. Nitalitumia hilo la samaki kwenye kikao cha elimu Jumatano, wagonjwa wanauliza kwa nini dawa ni miezi mingi na wao wanajisikia wazima.

---

Kijana wa Chanika | #25

Wakuu samahani nimechelewa. Kuna dawa ya kuzifanya seli zisife? Kuna jamaa ananiuzia vidonge vya "kuimarisha kinga", elfu 60 kopo.

---

Fundi Maabara | #26

Mdogo wangu, tunza elfu 60 yako. Umesoma hapo juu, kinga si kitu cha kuongeza kama sukari kwenye chai. Ukiizuia seli isife ukiwa na kifua kikuu unaweza kuwa unamjengea nyumba.

Watafiti wanatafuta dawa za kuzuia tundu, zaidi kwa ajili ya wagonjwa wa maambukizi ya damu. Disulfiramu, dawa ya zamani waliyopewa watu wanaoacha pombe, ilionekana 2020 kuzuia gasidemini na kuokoa panya. Panya. Usiende duka la dawa kuitafuta, ukinywa nayo pombe inakuumiza vibaya. Kinachoua bakteria kwako leo ni dawa sahihi kwa kipimo sahihi, umalize dozi.

---

Mwalimu Biolojia | #27

Na yule kijana wa darubini?

---

Fundi Maabara | #28

Nimetoka naye maabara sasa hivi. Nilimsomea karibu uzi wote wakati tunasubiri mashine.

Kisha tukachukua mkojo wa mgonjwa mmoja mwenye maambukizi, mwepesi, umetoka kutolewa, tukaweka tone kwenye slaidi bila rangi yoyote. Slaidi ya Gram inakaushwa na kila kitu kinakufa, ndiyo maana siku ile aliona maiti tu, hata zile zilizokuwa nzima. Kwenye mkojo mwepesi nyutrofili zinanyonya maji na kuvimba, na vipunje vya ndani yake vinaanza kutetemeka hata seli inametameta. Nikampisha kitini.

Alikaa kimya muda. Zilikuwa nyingi, nyingine zimeshachanika, nyingine zimevimba na bado zinameta. Akaninong'oneza, kana kwamba zitamsikia: "Hii hapa bado imejishikilia."

Tukakaa tukiihesabia dakika. Ya 11 ikazima. Ya pembeni yake ilikuwa bado inameta tulipoitwa kupokea sampuli za wodi ya watoto.